Miezi Sita Ndani ya Wavu na Sabuni

Kama umeambiwa una virusi vya ini na sasa umekaa kitandani unajitazama kucha, naomba unisikilize mimi kabla hujamsikiliza jirani. Jirani atakwambia una ukimwi, au umerogwa, au umelishwa kitu. Mimi niliambiwa yote matatu, na la nne juu yake: kwamba nimeambukizwa na nyani. Hilo la nne nusura liue kiumbe asiye na kosa. Kosa lilikuwa langu, nililijua, nikanyamaza siku kumi na nane. Wanaonijua mimi Mwajuma watakwambia siku kumi na nane za kunyamaza kwangu ni ugonjwa peke yake.

Mwaka ule Wakongo walikuwa wanavuka ziwa kila siku, mitumbwi na maboti, na magodoro na kuku na wazee waliobebwa mgongoni. Kigoma ilijaa mpaka ukitaka kupita njia ya kwenda bandarini unapita upande upande. Sisi wa Ujiji wengi babu zetu walitoka ng'ambo hiyohiyo, kwa hiyo hatukuwashangaa. Katika boti mojawapo alijichanganya mfanyabiashara mmoja, hakuwa mkimbizi huyo, na polisi wa ufukweni wakaona katoni yake ya sabuni inatikisika. Ndani alikuwemo mtoto wa sokwe, kafungwa mkono kwa kamba ya katani, kakonda, macho yamemtoka. Mwenye katoni alitokomea kwenye umati. Mtoto akaletwa kituoni kwetu, nasi tukamwita Sabuni.

Kituo chenyewe kilikuwa nje kidogo ya mji, kando ya ziwa, cha kutunzia sokwe walionyang'anywa watu wa magendo. Mimi nilikuwa mlezi. Kazi ya mlezi ni kuwa mama, basi. Mtoto wa sokwe ukimweka chini anapiga kelele mpaka anatapika, kwa hiyo unafagia naye mgongoni, unapika uji naye, unakwenda chooni naye anakung'ang'ania shingo. Daktari wetu wa wanyama, Daktari Kileo, Mchaga mmoja mpole lakini mkali wa kanuni, alituandikia ukutani: vaa glovu, nawa mikono, usimpe mnyama dawa usiyopewa na daktari, usitoke naye nje ya geti. Niliyafuata yote kwa mwezi mzima. Damu ya Sabuni ilitolewa siku aliyofika ipelekwe Dar kupimwa, lakini ndege siku zile zilikuwa zinabeba mambo ya wakimbizi, safari ikaahirishwa, barafu ikayeyuka, damu ikaharibika uwanjani. Daktari akasema tutatoa nyingine. Hiyo nyingine ilichelewa.

Mvua zilipokolea Sabuni akashikwa na kuhara. Daktari alikuwa safarini, simu ya kituo imekatika, na mtoto analegea mikononi mwangu kama kitambaa kibichi. Ungefanya nini? Nilimfunga kwa kanga mgongoni, nikamfunika na kanga ya pili, nikamwambia mlinzi nakwenda kutafuta maziwa, nikaenda Rusimbi kwa shangazi yangu.

Shangazi yangu, Bi Tatu, ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa natambaa. Hakuwa mganga wa kuweka kibao. Ila mtaani kwetu mtoto akilialia bila sababu, mama yake atambeba mpaka kwa Bi Tatu, naye atachanja chale kifuani na mikononi na kupaka dawa yake nyeusi ya mizizi iliyounguzwa. Ana utaratibu wake, aliurithi kwa bibi yake. Anaanza kujichanja mwenyewe, kisha anamchanja mama aliyembeba mtoto, kisha mtoto, kwa wembe uleule, na wembe hauwekwi chini mpaka wote watatu wamemaliza. Ukiuweka chini, anasema, dawa imekatika njiani. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na binti yangu Rukia hivyohivyo.

"Huyu nyani nimchanje?" aliniuliza.

"Sokwe, Shangazi. Na ni mtoto. Mwangalie anavyokufa."

Akamwangalia. Shangazi yangu hana uwezo wa kumwangalia mtoto anayekufa akakaa kimya, awe wa nani. Akajichanja kifundo cha mkono, akanichanja mimi, nami nikatenga manyoya ya Sabuni kwa vidole vyangu, akachanjwa kifuani mara tatu. Hakulia. Alinishika kidole gumba akakikamata mpaka mwisho. Siku ya pili kuhara kukakata, nasi tukajisifu kama watu waliojenga daraja.

Miezi kama mitatu ilipita. Ramadhani ilipoingia nilianza kuchoka, nikasema ni saumu. Viungo vikauma, nikasema ni kumbeba Sabuni. Sikukuu ya Idi nikapika pilau, nilipofunua sufuria harufu ilinipiga nikakimbilia uani kutapika. Mume wangu Issa, fundi cherehani pale Mwanga sokoni, akacheka akidhani nina mimba. Akacheka peke yake. Baada ya siku mbili mkojo wangu ukawa mweusi kama chai iliyochemka sana, na choo kikapauka rangi ya majivu. Nikajitazama kwenye kioo cha Issa, kile cha wateja, nikaona macho yangu ni ya manjano. Nilipiga kelele mtu wa duka la pili akaja.

Nakuambia mambo ya mwili kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Utawashwa mahali pasipo na kipele, utajikuna mpaka damu. Mawese, ambayo mtu wa Kigoma anakula tangu hajaota meno, yatakunukia kama kitu kilichooza. Dagaa usiseme. Mdomo utakuwa mchungu hata ukinywa maji. Utalala, uamke umechoka kuliko ulivyolala, na watu watasema unajidekeza. Hujidekezi.

Hospitali ilikuwa haina pa kukanyaga. Mabenchi ya ukumbini yalijaa, sakafuni watu wamelala kwenye mikeka, vichanga wenye surua, wanawake waliojifungulia ndani ya boti. Nilisimama nimeegemea ukuta tangu asubuhi, kichwa kinazunguka. Mama mmoja wa ng'ambo, mwenye mtoto aliyefungwa bandeji mguuni, akanivuta nguo.

"Mama, ikala hapa kwangu. Miye nitasimama."

"Una mtoto, dada."

"Mutoto analala. Weye macho yako iko mubaya. Ikala."

Nikakaa mahali pake, naye akasimama mbele yangu kunikinga na msongamano mpaka jina langu lilipoitwa. Yeye aliyekuwa hana hata nyumba. Sikuuliza jina lake, na hilo linaniuma mpaka leo.

Damu yangu ikapelekwa Dar, na Daktari Kileo, aliposikia, akatoa damu ya sokwe wote na walezi wote zikaenda pamoja. Majibu yakarudi baada ya wiki mbili. Walioonekana na homa ya ini, ile ya virusi vya aina ya B, walikuwa wawili tu. Mimi na Sabuni.

"Mama Rukia," Daktari akaniambia, glovu mkononi, akiwa amesimama mbali kidogo kuliko kawaida yake, "inaonekana mtoto amekuja nayo kutoka msituni. Amewahi kukung'ata?"

Mungu anisamehe. Nilisema, "Amewahi." Ni kweli aliwahi, kimeno cha mchezo, hata ngozi hakikutoboa.

Tukatengwa. Nyuma ya kituo kulikuwa na banda la karantini: chumba kimoja cha matofali chenye kitanda, na mbele yake uwanja mdogo uliozungushiwa wavu pande zote na juu, mlango mmoja wa komeo la nje. Sabuni hakuruhusiwa kukaribia wenzake. Hakukubali chupa kwa mkono wa mtu mwingine yeyote. Mimi nyumbani walikwishanitengea sahani, kikombe na kigoda. Issa na Rukia walipimwa wakakutwa wazima, Daktari akawatafutia sindano za kinga, lakini mama mkwe alikuwa akinimwagia maji mikononi kwa kuinua birika juu kama anamwagilia mchicha. Kwa hiyo nilipoulizwa kama niko tayari kuishi bandani na Sabuni mpaka ieleweke, nilikubali. Nilidhani nitapumzika. Kumbe nimejipeleka mwenyewe kifungoni.

Mlango ule ulikuwa unafungwa kwa nje. Uwanja ulikuwa hatua kumi na moja kwa nane. Nilizihesabu mpaka miguu ikazijua bila mimi. Ziwa lilikuwa palepale, unaona watu wanaoga, unaona boti zinaingia, na huwezi kulowesha hata unyayo. Chakula kilisukumwa chini ya mlango. Wenzangu walionisimulia habari zote za mji zamani, sasa walinipungia mkono kutoka mbali na kuharakisha. Rukia alipoletwa kunisalimia alishika wavu kwa vidole vyote kumi akauliza, "Mama, umefanya nini wakakufunga?" Nikamwambia naumwa. Akasema wagonjwa wanafungwa hospitali, siyo hapa.

Mji ulikwishanitungia jina: mke wa nyani. Sokwe! Hata katika matusi hawakujali kupatia mnyama.

Issa alikuwa anakuja kila Ijumaa baada ya swala na futi yake ya kupimia. Hakujua la kusema, si mtu wa maneno. Basi ananiambia nisogee karibu na wavu, anapitisha futi kwenye matundu, ananizungusha kiuno, anasoma, anaandika kwenye kiganja, anaondoka. Ijumaa inayofuata ananiletea gauni lilelile limepunguzwa. Mara tatu alilipunguza. Mara ya tatu alisoma futi, akageuza uso kama anapiga chafya. Niliona.

Siku ya kumi tangu majibu yatoke, Daktari alikuja na barua. Ilitoka kwa wakubwa wanaoendesha kituo.

"Wanasema mnyama aliyezaliwa na virusi hivi ni hatari kwa wenzake na kwa wafanyakazi maisha yake yote," akasema. "Wameandika apumzishwe."

"Apumzishwe? Kwani amewaambia amechoka?"

Hakucheka. "Sindano, Mama Rukia. Mwisho wa mwezi. Nimejaribu kuwaandikia."

Sabuni alikuwa begani kwangu anatafuta chawa kwenye ukaya niliojifunga kichwani, akinung'unika ile sauti yake ya kuridhika. Daktari akaondoka. Nami nikakaa kimya siku nane zaidi.

Nitakueleza kwa nini, siyo kujitetea. Nikisema nimechanja, kazi imekwenda, na kazi ile ndiyo iliyokuwa inatusimamisha. Nikisema nimechanja, watauliza ni nani aliyeshika wembe, na jina la shangazi yangu litaburutwa sokoni Mwanga na mabarazani Ujiji: Bi Tatu anagawa ugonjwa. Mwanamke aliyenitafunia nyama nikiwa sina meno. Kila nikifungua mdomo namwona. Kila nikifumba mdomo namwona Sabuni. Nilikuwa nimefungwa ndani ya wavu, na ndani yangu kulikuwa na wavu mwingine, huo ndio uliokuwa unanikaba kweli. Nilikonda kwa ini, lakini naapa nusu ya kilo zile zilikwenda kwa kunyamaza.

Siku ya kumi na nane alikuja mtumishi kupima mahali pa kuchimba, nje kidogo ya wavu. Hakutuangalia. Sabuni alimfurahia, akashuka kwangu akaenda kunyoosha mkono kwenye matundu ili apewe kitu. Yule mtu akasita, akatoa ndizi yake ya chakula cha mchana akampa. Sabuni akala akimtazama.

Nilipiga wavu kwa mikono miwili nikiita Daktari, Daktari, mpaka akaja anakimbia akidhani nimeng'atwa.

"Siyo yeye," nikasema. "Hakuja nayo. Tulimchanja. Mimi na shangazi yangu, wembe mmoja, watu watatu. Angalia kifuani."

"Mlimchanja?" Ilichukua muda kumwingia. "Mnyama wa serikali, Mwajuma, umemtoa nje ukamchanja kwa wembe?" Kwa mara ya kwanza aliniita jina langu tupu. Akaingia bila hata glovu, akatenga manyoya, akaona vile vialama vitatu vidogo. Alikaa chini kwenye vumbi. Akaanza kunigombeza Kichaga, nadhani, maana sikuelewa hata neno, na niliyastahili yote.

Alipotulia akanieleza. Kama ameambukizwa juzi tu, na binadamu, basi anaweza kuvishinda virusi mwenyewe, kama mimi ninavyoweza. Watu wazima wengi hupona ndani ya miezi sita. Wadogo si wengi, lakini wapo. Wakubwa wangekubali kungoja kama wangepata uthibitisho. Na uthibitisho ulikuwa mmoja tu: damu ya Bi Tatu.

Daktari alimleta mwenyewe kwa gari la kituo. Nilimwamkia, "Shikamoo, Shangazi," kupitia wavu. Hakuitikia. Alikuwa amekwishaelezwa njiani.

"Nimekulea," akasema. "Nimekuosha, nimekuoza. Leo unanivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya nyani?"

"Watamuua, Shangazi."

"Na mimi je? Mimi umeniacha hai?"

Nikalia. Yeye hakulia. Alimgeukia Daktari akakunja mkono wa gauni mpaka begani. "Toa! Toa yote! Sijawahi kuugua hata siku moja, sijalala kitanda cha hospitali tangu nizaliwe. Mtaona damu ya Bi Tatu ilivyo, halafu huyu mtoto atakuja kunipigia magoti."

Majibu yake yakarudi. Alikuwa nayo, ya siku nyingi, labda tangu utotoni mwake, imetulia ndani yake bila kumuuma popote. Kwa nini wembe uleule uliniacha mimi utotoni, na Rukia pia, Daktari alisema ni bahati tu. Nilimpigia magoti kweli, lakini nilipiga peke yangu bandani, kwa sababu hakuja. Alipeleka ujumbe kwa Issa kwamba yeye asiambiwe tena habari zangu. Nilisikia ametupa nyembe zote, na mama akija na mtoto anamwambia, nenda hospitali, mimi sina mikono tena.

Wakubwa wakakubali: miezi sita tangu majibu ya kwanza, na damu kila mwezi. Kazi sikufukuzwa. Daktari aliandika kwamba mnyama hatakula bila mimi, na ilikuwa kweli.

Miezi ile niliihesabu kwa sindano. Sindano ya pili mvua kubwa zilikuwa zinapiga bati mpaka hatusikilizani, mimi na Sabuni tumejifunika blanketi moja. Sindano ya tatu macho yangu yakaanza kuwa meupe, nikaweza kula kipande cha samaki, mgebuka wa kuchoma, nikakaa nasubiri kutapika, sikutapika, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Sindano ya nne mvua zilikuwa zimekata, na damu yangu ikarudi safi. Daktari alitaka kunifungulia. Nikamwambia tungoje ya mwenzangu. Sindano ya tano vumbi limejaa kila mahali, na Sabuni alikwishajua sindano, akimwona Daktari ananyoosha mkono mwenyewe huku anaficha uso kwapani kwangu. Hakuumwa hata siku moja, yule. Aliota nyama, akapanda wavu, akaiba kandambili zangu. Nikajiaminisha kwamba amepona.

Sindano ya sita, kiangazi kimekausha majani yote, Daktari alikuja na karatasi mbili.

"Wewe umepona. Virusi haviwezi hata kukurudia," akasema. Karatasi ya pili hakuisoma, alinipa tu. Sikuhitaji kusomewa. "Hatapumzishwa, wamekubali. Tutamjengea uwanja wake mkubwa. Lakini kwa wenzake hataingia. Hata atakapokuwa mkubwa."

Komeo likafunguliwa. Nilitoka nje na mfuko wangu wa nguo, na nyuma yangu likafungwa tena, Sabuni akiwa ndani. Alidhani ni mchezo. Kisha akaelewa kuwa si mchezo.

Wewe unayesoma haya ukiwa unangoja sindano yako ya tatu au ya nne, nikuambie ninayoyajua. Utapungua, kisha utarudi. Waambie wa nyumbani wapimwe, wote, hata yule anayejisifu hajawahi kuugua. Wembe ni wa mtu mmoja, mara moja, basi. Na ukijua ugonjwa umepitia wapi, sema siku hiyohiyo. Mimi nilipona mwili wote, ila zile siku kumi na nane sijazipona.

Niliendelea na kazi. Mchana nakaa naye, jioni nakwenda kwangu, na yeye anabaki. Ananililia mpaka nafika barabarani, namsikia.

Wiki kama ya tatu baada ya kufunguliwa, namwona mwanamke anashuka njia ya kituo kwa miguu, kanga mbili, kandambili mkononi. Shangazi. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile ya damu. Alipita mbele yangu mpaka kwenye wavu, akasimama. Sabuni alikuja akamtazama.

"Daktari wako alinifuata," akasema bila kunigeukia. "Anasema mimi sitapona, nitakaa nayo hivi hivi mpaka naingia kaburini. Na huyu?"

"Hivyohivyo, Shangazi."

"Nani anashinda naye?"

"Mimi. Jioni anabaki peke yake."

Sabuni alipitisha mkono kwenye tundu la wavu, akamshika upindo wa kanga, akauvuta. Shangazi hakuunyang'anya.

"Fungua."

"Shangazi, kuna kanuni. Mtu wa nje haruhusiwi, anaweza..."

"Anaweza nini?" Akanigeukia kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Aniambukize nini, Mwajuma? Fungua mlango, nimbebe mjukuu wangu."

Nikafungua.